Thuo Mbele ya Leso Saba

Thuo Mbugua ameshona viatu kando ya barabara ya Argwings Kodhek, Hurlingham, kwa miaka thelathini na mitatu, na humtazama mteja miguuni kabla ya kumtazama usoni. Husema kwamba ncha za viatu vya wachungaji hazichakai inavyotarajiwa kwa watu wa magoti. Niliwahi kumweleza, akinishonea soli, kwamba Wayunani walikuwa na maneno manne ya upendo. Akaniuliza ni lipi linalomhusu mtu anayekoroma.

Yeye na Waithera waliishi pamoja miaka thelathini na mmoja, wakalea Janice na wadogo zake wawili, bila pete. Mwaka huu Waithera alikubali kwenda kanisani, mradi kwanza wafanye ngurario, ile sherehe yetu Wakikuyu ambapo mume humtambua mkewe kati ya wanawake waliofunikwa leso gubigubi, miguu tu ikionekana.

"Ukinikosa, harusi haipo," alimwambia. "Usiponijua chini ya leso, utanijuaje siku ya ufufuo, sote tukiwa tumevaa nyeupe?"

Thuo alicheka. Miguu ya Waithera aliijua kuliko Sala ya Bwana.

Lakini siku ilipofika, pale kwao mtaani Satellite, shangazi wa Waithera alikuwa amewavika wanawake wote saba gambuti, zile buti ndefu za mpira.

"Tata Wangui, huu ni ulaghai," Thuo akasema.

"Baba Janice, uliambiwa utafute mke, si viatu."

Akaupita mstari mara mbili. Akanusa, lakini wote walikuwa wamepakwa mafuta yaleyale. Nami niliomba kwa bidii, ingawa nakiri kwamba sehemu kubwa ya ombi langu ilihusu nyama iliyokuwa ikipoa.

Ndipo Thuo akazipa leso mgongo, akawageukia wageni.

"Kabla sijaaibika, niwasimulie tulivyokutana. Waithera alileta viatu kibandani kwangu, akanipenda papo hapo, akawa anakuja kila siku bila sababu."

"Bila sababu?" ikauliza leso ya pili. "Ulinirudishia kiatu kimoja, ukaficha cha pili wiki tatu. Nilikuwa naenda kazini na slipa."

"Huyo," Thuo akasema, bila hata kugeuka.

Tata Wangui akapinga: bibi harusi haruhusiwi kusema. Akanitaka mimi, mzee wa kanisa, niamue. Nikaamua kwamba imeandikwa kondoo huijua sauti ya mchungaji wao. Haikuandikwa popote kwamba sauti hiyo lazima iwe tamu.

Waithera akajifunua mwenyewe, jasho likimtiririka.

"Jumamosi nitakuja kanisani," akasema. "Lakini huo uongo usiusimulie tena."

"Nitausimulia. Si utakuwepo unisahihishe?"

Waithera akakaa kwenye kiti cha karibu na kumnyooshea mguu wa kushoto, naye Thuo akapiga magoti kuvuta gambuti, ambayo ilikuwa imembana vidole tangu asubuhi.