Karani Aliyempa Tajiri Kalamu

Simu ilinikuta Jumanne asubuhi nikiwa kwa kinyozi mjini Kakamega, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Aliyepiga ni binti wa Karani, na hakuzunguka. "Mzee ametuacha," alisema. "Alikunywa uji, akaomba miwani yake asome gazeti. Nilipoileta nikakuta ameenda." Kinyozi alizima redio bila kuambiwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi hawamjui mtu huyu kwa sababu sijawahi kumwandika, na hata leo jina lake sitalitaja, maana waliofanya kazi naye bado wako kazini. Tulimwita Karani, basi. Alikuwa mtunza masjala, yaani kile chumba cha mahakama kinachowekwa mafaili ya kesi, na alidumu humo kuliko mahakimu wote waliopita. Mahakama gani? Mojawapo ya huku kwetu magharibi. Anayeijua ataijua, na asiyeijua hatapungukiwa na kitu.

Sitampamba marehemu. Karani hakuwa mtu wa kupendwa haraka. Alikuwa mkavu, mbishi, na salamu zake zilikuwa fupi kana kwamba anazinunua. Juu ya kaunta yake palikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, lenye safu nne: jina, saa ya kuchukua faili, saa ya kurudisha, na sababu. Faili haikutoka rafuni kabla hujatia sahihi, uwe wakili, uwe polisi, uwe hakimu mwenyewe anayengojwa na watu mahakamani. Kisha kila karatasi iliyoingia katika faili aliipa namba kwa wino mwekundu, pembeni juu, kabla ya kuishona kwa uzi. Mawakili walimtania kwamba hata mkewe akitaka chumvi kabatini hutia sahihi kwanza. Yeye alijibu, "Ndiyo maana chumvi yetu haipoteangi." Hakucheka aliposema hivyo, na hatukujua kama ni mzaha.

Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na kesi ambayo eneo hili lote liliijua na hakuna aliyeijua. Mshtakiwa alikuwa tajiri wa matrekta ya kubeba miwa, mtoaji wa mabati ya makanisa, mgeni wa heshima wa kila hafla kuanzia Butere hadi Lugari. Alishtakiwa kwamba alimbaka dada mmoja wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwake wakati wa likizo. Tulisikia amekamatwa. Tukasikia ametoka. Halafu tukasikia kesi imekwisha, na hapo masikio yetu yakaishia. Tajiri mwenyewe alishika kipaza sauti kanisani akasema mahakama imemsafisha. Watu wakapiga makofi. Dada yule akabaki mwongo. Mchumba wake alivunja uchumba, mama yake akaacha kwenda kwenye chama cha akina mama kwa sababu wenzake walikuwa wakinyamaza kila anapoketi, naye dada mwenyewe akahamia Sigalagala kwa shangazi yake, akafungua kibanda cha kushona nguo. Hakutaka fidia wala huruma ya mtu. Alitaka watu wajue kwamba hakusema uongo, na hilo tu.

Najua alichotaka kwa sababu alikuja kuniambia. Aliketi ofisini kwangu, mkoba magotini, akanieleza kila kitu kwa sauti ya chini. Nami, mwandishi mzima mwenye kalamu mfukoni na picha yangu juu ya safu hii, nikamwambia, "Dada yangu, bila ushahidi siwezi kuandika. Faili yenyewe watakuwa wameificha." "Umeenda kuiomba?" aliuliza. Nikaanza kumweleza jinsi mambo yalivyo katika nchi hii, wenye fedha na wenye vyeo, kesi ya ngedere na hakimu nyani, maneno tele ya mtu anayejiona mjuzi. Alisubiri nimalize, akashukuru, akaenda. Hadi leo nikikumbuka adabu ile ya kunishukuru, nasikia aibu.

Baadaye pakavuma habari kwamba tajiri anapendekezwa kuwa mwenyekiti wa bodi ya shule moja ya wasichana. Dada aliposikia alifunga kibanda chake na kwenda moja kwa moja kwenye kaunta ya masjala. Karani alinisimulia baadaye kwamba alifika hata kabla ya mfagizi kumaliza ukumbi. "Shikamoo baba," alisema. "Naomba kusoma faili ya kesi yangu." Karani akauliza, "Wewe ni nani katika hiyo kesi?" "Mimi ndiye mlalamishi." Basi. Alilipa ada ndogo ya kaunta, akatia sahihi, akapewa kiti. Hapakuwa na mlango wa siri wala mtu wa kuhongwa. Faili ilikuwa rafuni miaka yote hiyo, imeshonwa, imepigwa namba, inangoja mtu wa kuiomba.

Niliposikia amepewa faili, nami nikaenda, nikiwa na idhini ya hakimu. Karani alinipokea kwa jicho kali. "Mwandishi! Karibu. Wewe ni wa pili." Nikauliza wa pili wa nini. "Wa pili kuuliza. Mji mzima mlikuwa mnasemanga faili imefichwa. Imefichwa na nani? Ilikuwa hapa. Mimi nilikuwa nakaanga hapa na hiyo faili kutoka asubuhi mpaka jioni, sikuona mtu." Kabla ya kunipa alichukua vipande vya karatasi na vibanio, akafunika jina la dada kila lilipoandikwa, ukurasa baada ya ukurasa, nami nimesimama tu namngoja. Nilipoanza kupumua kwa nguvu akasema bila kuinua kichwa, "Jina la huyu ni lake, atalitoa mwenyewe akitaka. La yule mwingine ni la umma, lisome vile unataka."

Nikasoma. Shtaka la ubakaji lilikuwa limeondolewa kwa makubaliano, na badala yake likaandikwa kosa dogo la kumshika mtu kwa njia isiyofaa. Ripoti za usimamizi zilionyesha kwamba kwa hilo dogo alipewa kifungo cha nje, afyeke nyasi katika shule ya msingi kwa miezi sita. Shule gani? Ile aliyoijenga yeye mwenyewe! Na aliyetakiwa kuandika ripoti kila mwezi ni mwalimu mkuu aliyekuwa akimwandalia kiti cha mbele kila siku ya wazazi. Ripoti sita, maneno yaleyale: amefanya kazi kwa bidii na nidhamu. Ya mwezi wa tatu ilimsifu kwa kufyeka uwanja mzima, na kurasa mbili mbele yake palikuwa na ruhusa ya mahakama kwamba mwezi huohuo mshtakiwa asafiri nje ya nchi kwa shughuli za biashara. Loo! Palikuwa na barua kumi na moja za watu wakubwa wakimwombea. Ya kumwita dada aje asikie shtaka lake likipunguzwa, hapakuwa na hata moja. Nilipiga meza kwa ngumi. "Usinipigie meza, Mwandishi," Karani alisema. "Meza haijakukosea. Geuza ukurasa."

Niligeuza, nikakuta namba thelathini, kisha thelathini na mbili. Ukurasa wa thelathini na moja haukuwepo, na huo, Karani alinieleza, ndio uliobeba kukiri kwake kosa na amri ya hakimu. Ndiyo sababu aliweza kusimama kanisani na kusema amesafishwa. Nikamtazama Karani. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatabasamu. Aliinama chini ya kaunta akatoa daftari la zamani, akalifungua palipokuwa na alama, akanisukumia.

Tajiri alikuwa amekuja mwenyewe kuisoma faili yake, na mkubwa wa mahakama wa wakati ule akaamuru apewe chumba cha pembeni asome kwa nafasi. Karani hakubisha. Alifungua daftari, akaweka kalamu juu yake, akasema, "Mheshimiwa, karibu utie sahihi." "Nilikuwa nimekaza moyo, nikijua atakataa," Karani aliniambia. "Lakini hawa watu wakubwa wetu, kila mahali wanaendanga wanafunguliwa kitabu cha wageni. Shuleni kitabu, kwa matanga kitabu, kwa harambee kitabu. Mkono umeshazoea. Akaona mistari, akaona kalamu, akaandika." Na ameandika kweli! Sahihi yenye mikia, imejaza mistari mitatu, jina lake kamili na vyeo vyake vyote. Na kwenye safu ya sababu ya kuchukua faili, kwa mwandiko mnene: "Kazi nzuri. Endeleeni hivyo. Mungu awabariki." Chini yake, saa mbili baadaye, kwa wino mwekundu na herufi ndogo: "Imerudi. Ukurasa wa 31 haumo." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona kwamba si machozi ya kicheko tu. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote. Alisema alimwarifu mkubwa wake siku ileile, akaambiwa afunge mdomo. "Nikafunga," alisema. "Mdomo. Daftari sikufunga."

Siku ile alipokuja kabla yangu, dada alipouona ule upungufu alilia palepale kwenye kaunta, akidhani ndio mwisho. Karani akampa kiti tena, akamwambia amri ya kifungo cha nje huwa haikai mahali pamoja, nakala yake hupelekwa kwa ofisi inayowasimamia wafungwa wa aina hiyo. Aliandika barua, na baada ya mimi kuisoma faili ikajibiwa, nakala ikaja ina muhuri. Akaishona mahali pa ukurasa uliopotea, akaipiga namba thelathini na moja, na pembeni akaeleza kwa mstari mmoja imetoka wapi na ya kwanza ilionekana mara ya mwisho mikononi mwa nani. Kisha akamtolea dada nakala iliyothibitishwa. Dada alikwenda nayo kwenye mkutano wa wazazi wa ile shule, akamwomba katibu aisome kwa sauti. Sikuwepo, lakini waliokuwepo wanasema aliisoma hadi mstari wa mwisho. Yule tajiri hakupata kiti alichokitaka. Mama yake dada amerudi kwenye chama chake, na juzi ndiye aliyechaguliwa kuwapikia wageni obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, heshima ambayo hapewi mtu anayetiliwa shaka.

Sidanganyi mtu kwamba haki ilitimia. Adhabu ile haikubadilishwa, matrekta bado yanapita barabarani, na hakimu aliyetia sahihi amehamishwa, hakuulizwa swali. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba hata heshima ya mtu hupotea hivyohivyo. Tunapenda kuamini kwamba wenye nguvu huficha kila kitu. Ukweli unaotuuma zaidi ni kwamba mara nyingi hawafichi. Huacha mambo yao wazi kwenye karatasi, yamepigwa namba, kwa sababu wametuzoea, wanajua hatutakwenda kusoma. Uvivu wetu tumeupa jina la siri ya serikali. Na mimi nilikuwa mbele ya wote katika uvivu huo, huku nikilipwa kwa kazi ya kuuliza.

Tulimzika Jumamosi kwao Lumakanda, nyuma ya nyumba, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Binti yake alikuwa ameweka meza ndogo kwenye lango, na juu yake daftari la rambirambi alilolipiga mistari kwa mkono. Nilipolifunua nilicheka peke yangu: jina, saa ya kufika, saa ya kuondoka, na safu ya nne, uhusiano na marehemu. Yule tajiri hakuja. Alimtuma mtu na shada kubwa la maua, na mtu huyo alipoelekezwa mezani alisema ameagizwa asiandike chochote. "Basi simama kando upishe wenye kuandika," binti akamwambia, na maua yakabaki nje ya lango.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa yule dada, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Aliinama akaandika taratibu, jina lake kamili, kwa herufi kubwa, lile jina ambalo mzee aliyelala ndani alilifunika kwa karatasi ukurasa baada ya ukurasa. Sitaliandika hapa. Kwenye safu ya nne aliandika, "Nilimwomba faili, akanipa." Akanipa kalamu. Nilisimama nayo hadi mtu wa nyuma akaguna. Nikaandika jina langu, nikaandika saa, na kwenye safu ya nne nikaandika ukweli: "Nilichelewa kumwomba." Wewe unayesoma, kabla hujasema kwamba jambo limefichwa, nenda kaunta ukaliombe.