Jiwe Nililolipakata

Jana pale Kona ya Musa nilimwona utingo akiruka kutoka kwenye lori na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nilisimama palepale, nikalikumbuka jiwe langu.

Nilikuwa mdogo sana Baba aliponunua gari kuukuu kwa muuzaji mmoja wa Likoni. Siku ya tatu tulilirudisha kwake kutoka Munje, polepole, ndani mkinuka petroli na mapera yangu. Nilipakata jiwe. Kila aliposimama, Baba alikanyaga breki mara tatu, nne, kisha akanituma nishuke nilitie jiwe chini ya gurudumu. Nilidhani kila gari lina jiwe lake.

Muuzaji alicheka. "Breki hizo nzima, shekhe. Zataka kuzoewa tu."

"Alhamdulillahi," Baba akasema. "Basi mwite bintiyo apande na wangu, tuteremke hadi kivukoni."

Nilifurahi. Niliweka jiwe chini, nikasogea kumpa nafasi yule msichana aliyekuwa akinitazama kutoka mlangoni. Muuzaji aliuangalia mteremko wa kivukoni unaoishia majini.

"Mwanangu hapandi," akasema hatimaye, na papo hapo akamwita fundi aje na zana zake.

Nililia, nikidhani msichana ananiringia. Breki zilitengenezwa mpaka magharibi, na Baba alirudi nyumbani akiimba.

Kumbe Baba alijua. Alijua tangu Munje, na mimi akanipakia vivyo hivyo. Leo jioni nimempelekea chai, nikashindwa kumtazama usoni.