Tangazo la Jioni Nililolisoma Mchana

Babu alikuwa na redio ya mbao, na lugha yetu ilipewa muda mfupi sana hewani. Muda uliobaki alisikiliza Kiswahili ambacho nusu yake hakuielewa, huku akitikisa kichwa kama aliyeelewa. Siku hizi stesheni za lugha yetu zinagombania wasikilizaji, na mimi natangaza katika mojawapo, Kericho mjini. Mama hujivuna mno. Huenda kuchuma chai na redio ndogo mfukoni mwa aproni, na kwenye kituo cha kupimia majani, wakulima wakingoja lori, huipandisha sauti ili kila mtu ajue ni mtoto wa nani anayeongea.

Watu hudhani kazi yetu ni muziki na salamu. Kinachowafanya wasizime redio ni matangazo ya vifo. Karatasi za mchana hukaa kwenye trei moja, za jioni kwenye nyingine, na kuna sababu. Kwetu mtu haambiwi kwa simu kwamba ndugu yake amefariki. Watu wa ukoo hutumwa, wakamketisha, ndipo wakasema. Familia ikiomba jioni, ujue kuna mtu ambaye bado hajafikiwa. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza kazini, nami nimewafundisha wengine kwa kichwa kikubwa.

Mwezi uliopita mgeni wa kipindi cha mchana alichelewa na trei ya mchana ilikuwa tupu. Nikachota za jioni nijaze nafasi. Nilisoma kwa ile sauti yangu ya majonzi ambayo, kusema kweli, naipenda kupita kiasi. Mmoja wa marehemu alikuwa mwanamke wa Siongiroi. Jina lake la kanisani na la mumewe halikunigusa hata kidogo. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake huwekwa kando, na huyu, mdogo wake mama yangu, mimi nilimwita mama mdogo tangu nijue kuongea. Majina ya watoto wake yangenizindua, lakini mgeni alikuwa ameshaingia studio, nikayaruka.

Kipindi kilipoisha, binamu yangu alipiga simu. "Si tuliandika jioni? Wazee bado wako njiani kwenda kwa mama yako!"

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilimwaga machozi chooni, kisha nikapanda gari kwenda nyumbani, karibu na Kabianga. Wazee walikuwa wameketi sebuleni wakinywa chai, bila la kusema, maana neno lao nilikuwa nimewanyang'anya. Walinisalimu kwa upole, na upole huo ukanichoma zaidi.

Mama alikuwa jikoni, bado amevaa aproni.

"Nisamehe, mama. Sikujua ni yeye."

"Najua hukujua," akasema. Alisogeza kuni. "Jina ulilisoma vizuri. Lakini ulipomaliza tu nikasikia unacheka na mtu. Sisi wote hapo kwa majani tumenyamaza, watu wananiangalia, na wewe unacheka. Ni nini ilikuwa inachekesha?"

Nilitafuta. Mgeni alikuwa amesema kitu akiketi, kitu kidogo tu.

"Sikumbuki, mama," nikamwambia, na huo ndio ulikuwa ukweli.