Matone Matatu

Kwa miaka kumi na minne fundi huyu, ambaye maabara nzima ilimwita Mama Tone, alishinda ametumbukiza mikono kwenye glavu za sanduku la kioo lisiloingiza hewa, akichanganya maji ya betri za lithiamu. Kazi ya maji hayo ni kuivika lithiamu ngozi ngumu. Ngozi ikiwa dhaifu, kila ukichaji metali huota vinyweleo, vinayala maji yote, na betri inakufa ingali changa.

Mkuu wake alikuwa mtu wa tai na maneno mengi. Alirudi kutoka ng'ambo na shahada tatu na hila moja: betri ya majaribio inayostahili matone matatu, yeye aliijaza kumi. Itaachaje kudumu? Mpe mlevi pipa zima, naye hatalalamika kiu wiki nzima. Mama Tone alimdharau waziwazi.

Kiwanda kimoja cha betri za simu kikaja kutafuta maji ya aina moja tu, na aliyeyabuni angeajiriwa kusimamia uchanganyaji. Mkataba wa Mama Tone ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Ubaoni, betri ya mkuu iliandikwa imedumu chaji mia nne kabla ya kufa. Yake, mia mbili na kumi.

"Ongeza matone na wewe mama, usijiaibishe," mkuu alimnong'oneza.

"Bosi, mimi napima. Simwagilii bustani."

Mhandisi wa kiwanda, mama mfupi asiyecheka ovyo, alizitazama namba, akasema, "Zifungueni."

Mama Tone akazifungua ndani ya sanduku. Ya mkuu ilimwaga maji mpaka glavu zikalowa. Yake ilikuwa na unyevu tu.

"Hii ya mia nne nitaiweka kwenye simu au kwenye karai?" mhandisi aliuliza. "Nachukua hiyo nyingine. Nani kaitengeneza?"

"Kazi ya timu yetu," mkuu akadakia bila haya. "Chini ya uongozi wangu."

Mama Tone akachomoa mikono. "Sawa, bosi. Hebu mtajie mgeni kilichomo."

Mkuu akaitazama chupa ya maji ya Mama Tone. Haikuwa na lebo. Akatazama dari, nayo haikumsaidia.

"Kuna... chumvi," akasema.

"Chumvi gani?" mhandisi akauliza.

Mkuu akaanza kulegeza tai. Mhandisi akageuza kiti, akampa mgongo, akafungua daftari.

"Mama, nitajie wewe. Anza na jina lako."