Mguu wa Cleotha

Usiku mwanangu Rudell aliporekodi santuri yake ya kwanza, nilikaa kando ya simu na aproni yangu kiunoni. Saa nne simu ikalia. Hakuwa yeye. Alikuwa bwana wa kampuni ya santuri, anayeandika maneno ya nyuma ya jalada. Kijana bado anapiga, alisema, ila yeye alitaka kujua ni nani aliyemfundisha kinanda.

Jibu nililijua. Ni Cleotha Bascombe, mpiga kinanda wa kanisa letu hapa Newark, mshonaji wa mapazia, mjane asiye na mtoto. Alimchukua Rudell akiwa na miaka tisa, kila Jumamosi, bure. Alimfundisha kumfuata mchungaji mahubiri yanapopanda, na kupiga besi kwa mguu wa kushoto, kwenye vibao vya chini ya kinanda. Mguu huo wa Cleotha ulivunjika zamani, kwa hiyo kila pigo lilichelewa kidogo. Mwanangu, mzima wa miguu, akajifunza na kule kuchelewa. Akirudi nyumbani ilikuwa Dada Cleotha kasema hivi, Dada Cleotha kapika vile; kuku wangu akawa anamla kama dawa. Nilifua mashuka ya hospitali nikamnunulia viatu, na viatu akaenda kumwonyesha Cleotha kwanza.

"Amefundishwa hapa nyumbani," nikamwambia yule bwana. "Na mama yake."

Santuri ilipotoka, ililia katika kila baa na kila duka la kinyozi. Wajuzi wa jazi wakaandika kwamba imeliingiza kanisa ndani ya baa, wakaisifu hasa ile besi inayochelewa. Nyuma ya jalada, jina langu lilichapwa vizuri.

Jumapili, Dada Ozella wa kwaya akaniinamia kutoka benchi la nyuma. "Lurleen, shoga, hongera. Jumapili ijayo basi utupigie hata wimbo mmoja."

Wenzake wakajificha nyuma ya mapepeo yao ya karatasi. Cleotha, kule mbele, hakugeuka. Alipiga ibada nzima kwa mikono tu, mguu hakuutumia hata mara moja. Tuliimba kama watu waliosimama kwenye nyumba isiyo na sakafu.

Rudell, aliyekuwa akizunguka na bendi, alipiga simu kutoka Pittsburgh. Hakunigombeza. Alisema hatakanyaga nyumbani mpaka niende kwa Cleotha.

Nilikwenda Jumanne. Nilipobisha, cherehani ikanyamaza ndani, lakini hakuna aliyeitika. Nikabisha tena. Mwishowe nikauambia mlango:

"Dada Cleotha, ni mimi, Lurleen. Nilidanganya. Nilikuonea wivu, na hata sasa ninakuonea."

Hatua zikaja, moja nzito, moja nyepesi. Zikasimama. Nilihesabu mpaka ishirini, nikapoteza hesabu. Ndipo ufunguo ukazunguka, naye akatokea na pini midomoni, akazitoa moja moja akinitazama.

"Ingia, mwalimu," akasema, akausukuma mlango hadi ukutani.