Jogoo wa Siku ya Wazazi

Kwenye misiba ya watani wetu, watu walikuwa wakiulizana kwanza kama Mwamvita amefika. Akifika anavaa koti la marehemu, anakohoa vile vile alivyokuwa akikohoa mwenyewe, anazuia kaburi lisichimbwe mpaka apewe uji, na wafiwa waliokuwa hawajatia kitu kinywani wanajikuta wanacheka. Kulia pia alijua, kile kilio cha uongo cha watani, cha kujigaragaza vumbini na kumwita maiti mdeni, mpaka mgeni asiyejua anamwonea huruma. Siku za kawaida alikaanga karanga na kuziuza stesheni kwa abiria wa treni ya Kigoma. Mimi ni Maua, mtoto wa mdogo wake. Mama mkubwa huyu ndiye aliyenilea pale mtaani Itetemia, Tabora, na anayemsema vibaya mbele yangu hatuelewani, ingawa mimi mwenyewe ninayo yangu ya kumsema.

Mwanawe mmoja tu, Lukumani, alichaguliwa kuingia Sekondari ya Mawe Meupe miaka ile Azimio la Arusha likiwa bado jipya. Darasa lao zima la saba alipita yeye peke yake. Wenzake wakarudi kwenye jembe, na mtaa ukaja kumpongeza mama mkubwa kama vile ndiye aliyefanya mtihani. Ile ilikuwa shule ya serikali iliyochagua watoto hodari kutoka kila pembe ya nchi, na wazazi wa Tabora waliizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza habari za Maka. Kwamba wanafunzi nao wanaionaje, hakuna aliyeuliza. Kwani ng'ombe anaulizwa maoni yake juu ya zizi?

Likizo ya kwanza Lukumani alirudi amekonda, na sikio lake la kushoto linatoa usaha. Nilimwosha mimi kwa maji ya chumvi, akauma kanga yangu asipige kelele. Kiranja wa bweni lao, kijana mmoja mkubwa aitwaye Modest, alimpiga kofi siku Lukumani alipomwaga maji ya kumwagilia kitalu cha tumbaku cha shule. Baada ya hapo makofi yakawa mazoea, na daima sikio lile lile.

"Mama, mimi sirudi," alisema.

"Utarudi. Nitakwenda kumwambia mkuu wa shule mwenyewe."

"Ukimwambia, Modest ataniua."

Hapo hakuwa anatia chumvi. Mzazi mmoja wa Ntalikwa alikuwa amelalamika mwaka uliotangulia. Wakuu wa shule wakamwambia ana kasumba ya kikoloni, hataki mtoto ajifunze kujitegemea, na mtoto wake akasafisha vyoo muhula mzima. Mama mkubwa aliyajua hayo yote. Alitaka mtoto abaki shuleni, na alitaka apone, na hakuona njia ya kuyapata yote mawili. Karanga ziliungua kikaangoni mara mbili wiki ile, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Shule zilipofunguliwa ikaja Siku ya Wazazi. Tulikaa kwenye mabenchi uwanjani, wanafunzi wamesimama kwa mistari upande wa pili, mashati yao meupe yamepigwa pasi mpaka yanatisha. Mkuu wa shule alikuwa mgeni, amehamishiwa muhula ule. Alijitambulisha kuwa ni Mwalimu Abasi, Mzaramo wa Kisarawe, akaomba wazazi watoe maoni yao juu ya shule bila woga.

Mzee Masolwa, mfugaji kutoka Nzega, akasimama wa kwanza. "Mwalimu, mimi nimekuletea ndama. Mchape mpaka awe fahali. Mkinirudishia ngozi tu, nitapokea." Wazazi wakapiga makofi. Aliyefuata alisifu bendi ya shule. Nikatazama mstari wa kidato cha kwanza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatabasamu.

Lakini mama mkubwa alikuwa ameganda kwenye neno moja: Mzaramo. Nilimwona anavyochangamka, nikajua anawaza nini. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Siasa ilikuwa imeyakataza makabila, ila utani iliusahau. Mtani unamwambia lolote mbele ya yeyote, naye haruhusiwi kukasirika wala kulipiza. Kwa hiyo angeisema kweli yote, na asiwepo wa kumgusa mtoto wake. Mungu amsamehe, aliona amepata mlango.

Akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka meza kuu, akamvua mkuu wa shule kofia yake na kujivika yeye.

"Mtumwa wetu huyu!" alipaza sauti. "Babu zangu walimwacha porini kwa uvivu, leo amepanda treni kutufuata! Sasa sikiliza, mtumwa. Mwanangu Lukumani nilikuletea ana masikio mawili. Umemrudisha na moja. La pili umelila na nini? Na huyo kiranja wako Modest umemwajiri akuchinjie?"

Uwanja ukalipuka. Mzee Masolwa alishika mbavu. Mwalimu Abasi alicheka mpaka akafuta machozi, akajibu, kama mtani anavyopaswa kujibu, kwamba masikio ya Wanyamwezi yanataka kisamvu na nazi, ila ni magumu kidogo. Watu wakazidi kuvunjika mbavu. Kisha, ili aikomboe kofia yake, akaagiza aletwe jogoo kutoka mradi wa kuku wa shule, akamkabidhi mama mkubwa kwa mikono miwili.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Lukumani. Alikuwa ameinamisha kichwa, na wavulana waliokuwa pembeni yake wanamvuta sikio huku wanacheka. Modest naye alikuwa anacheka, tena kwa raha zake.

Tangu siku ile shule nzima ilimwita Lukumani Sikio. Aliyetaka kumpiga alimpiga pale pale, kwa mchezo, kwa kuwa hata mama yake alikuwa ameufanya mchezo. Habari zikatufikia. Mama mkubwa akajifunga kanga, akaenda ofisini kwa mkuu wa shule, nami nikamfuata.

"Mtani!" Mwalimu Abasi alisimama kwa furaha. "Umefuata sikio? Tumeshalimaliza!"

"Mwalimu, leo sina utani. Mtoto wangu anaumwa. Anapigwa."

"Ee, na jogoo naye hajambo?"

Mama mkubwa akapiga magoti, akaanza kulia. Kulia kweli, machozi na kamasi. Yule bwana akaegemea meza akacheka mpaka akakosa pumzi, akamwita karani aje aone jinsi watani wa Unyamwezi wanavyojua kulia. Nikasema, "Mwalimu, ni kweli." Akanipungia mkono. "Na binti naye kafundishwa!" Hasira niliyoipata siku ile ninayo mpaka leo, na sijui niipeleke kwa nani, maana yule bwana hakuwa mtu mbaya.

Kabla muhula haujaisha Lukumani alianguka darasani. Usaha ulikuwa umeingia ndani, nyuma ya sikio. Hospitali walimpasua, wakaokoa maisha yake. Sikio likafa.

Mwalimu Abasi alikuja wodini, kofia mkononi. Modest alikuwa ameshafukuzwa shule. Mwalimu alisimama miguuni pa kitanda.

"Mama," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mbele ya watu wote," mama mkubwa alijibu. "Ukanipa jogoo."

Lukumani alipotoka hospitali, mama mkubwa alimsihi aache shule, abaki nyumbani auze karanga. Ni Lukumani sasa aliyekataa. Alirudi, akamaliza, akapata kazi ya ukarani Mwanza. Itetemia walisema, mnaona shule ile inavyotoa watu! Siku moja nilimuuliza yeye ameionaje. Akafikiri, akasema, "Shule iliniumiza sikio tu. Aliyenifanya kichekesho ni mama."

Mama mkubwa hakufanya utani tena. Msibani aliosha vyombo, na watani walipomchokoza alijibu kwa salamu. Lukumani huja kila Idi. Humwamkia shikamoo, humletea kanga na sukari, heshima yote ipo. Kisha huchagua kiti, daima kile kinachouweka upande wa sikio lililokufa kwa mama yake. Mama mkubwa anaona, anajua. Huvuta kigoda chake akakaa papo hapo, upande ule ule, akaanza kumweleza mwanawe habari zake zote, taratibu, mpaka jua linapozama.