Friji la Kihispania Mbele ya Bi Thuwaiba

Mkiniona napita Darsait, hapa Maskati, nimejizungushia kilemba hadi puani, msidhani naogopa vumbi. Naogopa wanawake. Si wote, ni wale tu waliokuwemo ndani ya majlisi, sebule ya mama yangu mdogo, siku ile, na kwa bahati yangu mbaya hao ndio mtaa wenyewe, maana kila duka nikiingia namkuta mmoja anachagua vitunguu, ananitazama, anamgusa mwenzake kwa kiwiko, kisha wote wawili wanaanza kunguruma kwa puani, mmm, mmm, kama mashine ya barafu. Nawasimulieni mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wao, kwa sababu wao wanatia chumvi, na kisa hiki chumvi yake ya kuzaliwa inatosha.

Asubuhi hiyo nilikuwa natoka bila mpango. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha kidato cha pili huko Unguja, si kwa ujinga (nasema mimi), ila dirisha la darasa lilikuwa linatazama barabara, na tangu hapo sijaweza kukaa mahali palipo na mlango bila kutaka kujua nje kuna nini. Nimekaa Tanga, nimekaa Mombasa, nimeuza vinyago Nungwi kwa watalii wa Kihispania mpaka lugha yao nikaiokotaokota, na siku hizo nilikuwa Maskati, chumba cha nyuma kwa Mama Zuwena, mdogo wake mama yangu, aliyenipokea kwa sharti moja tu, nisimtie aibu.

"Hamduni, unakwenda wapi?" akaniuliza nikiwa mlangoni navaa viatu.

"Sijui, mama."

"Basi ukirudi huko usikokujua, niletee redio ya sidii. Alasiri wakwe wanakuja."

Wakwe wenyewe ni Bi Thuwaiba na ndugu zake, wanaleta dhahabu na nguo za posa ya Rahma, binti pekee wa Mama Zuwena. Rahma na Nassor, mtoto wa Bi Thuwaiba, walikuwa wametakana tangu chuoni, na Bi Thuwaiba alikubali pole pole, kama mtu anayeng'olewa jino, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa vidole wiki hiyo, maana sababu ndogo tu ingemtosha kusema basi. Mama Zuwena alitaka taarab ya kale, kutoka sidii zake mwenyewe. Simu hakuitaka kabisa, kwa sababu shughuli iliyopita waliunganisha simu ya mgeni mmoja na spika, mume wake akapiga katikati ya wimbo, na majlisi nzima ikamsikia mzee wa watu anauliza kikoi chake cha ndani kimewekwa wapi.

Nikateremka kwa miguu mpaka Ruwi. Nyuma ya kituo cha mabasi kuna Mhindi mmoja mzee anauza vitu vilivyokwisha tumika, pasi, feni, saa za ukutani, na alikuwa na redio moja kubwa nyeusi yenye mdomo wa sidii juu. Ili kunionyesha kwamba ni nzima akabonyeza kitufe, na ndani mlikuwa na sidii iliyosahauliwa na mwenyewe. Hapo ndipo nilipokwisha.

Sijui niwaelezeje muziki ule. Kwanza lilikuja dundo la mashine, tu-tu-ta, tu-tu-ta, kavu, kama mtu anapiga ndoo ya plastiki. Juu yake kinanda cha umeme cha zamani, kile cha filamu za watu wanaokwenda mwezini. Mara tarumbeta, mara cha-cha-cha ya ujana wa bibi zetu, mara milio ya ile michezo ya televisheni ya zamani, piu piu piu, na katikati ya vyote hivyo mwanamke anaimba Kihispania bila haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za samaki. Ulikuwa muziki wa jana uliovaa nguo za kesho. Kisha ukaja wimbo mmoja ulioanza kwa ogani na fidla, zinalia zimesukana, na naapa kwamba ningefumba macho ningedhani niko klabu ya taarab Unguja zama za babu, kabla ile tu-tu-ta haijaingia chini yake. Nikasimama nimeachama.

"Chukua na hiyo," Mhindi akasema, akanipa na jalada lake lililokuwa limebandikwa nyuma ya redio. "Hakuna anayeitaka."

Nilipanda Darsait na redio begani inapiga. Nikaitia na betri mpya, zile kubwa, ili nisikilize hata chooni. Ule wimbo wa fidla niliurudia mpaka nikaelewa maneno, na maneno yake ni mwanamke anagombana na friji lake. Ndiyo, friji. Wahispania wale hawakuona haya kuimba lolote.

Nami nikaamua jambo dogo tu. Kabla ya taarab ya mama, tutangulize huu mmoja, wa fidla, wageni wachangamke, waseme leo kwa Zuwena kuna muziki haujapata kusikika. Nikaipanga redio mwenyewe kwenye majlisi, karibu na soketi pekee inayofanya kazi, juu ya meza ndogo nyuma ya kile kiti kikubwa cha mito. Nikamwita Nakato, dada wa kazi, Mganda, mwenye ulimi.

"Wakishakaa bonyeza hapa. Ukiisha wimbo mmoja, toa, tia sidii ya mama."

"Mimi nabonyeza," akasema. "Lakini ikileta shida, Hamduni, mimi sikuwepo."

Alasiri wakafika. Mimi mwanamume, na ndani wamevua mabuibui, vichwa wazi, kwa hiyo mahali pangu palikuwa ukumbini, nyuma ya pazia zito, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kama fundi wa sinema. Sikuona kitu. Nilisikia tu vikombe vya kahawa, udi ukanifikia, kisha ogani, kisha fidla, kisha Mama Zuwena: "Yarabi, fidla hizo! Nnazikumbuka hizo!" Vigelegele vikapasuka. Bangili zikaanza kulia. Nakato akachungulia kwenye pazia meno yote nje.

"Wameupenda! Wanaamka, wanaweka manoti juu ya redio!"

Nikavimba. Nyinyi mnajua taarab, wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda kwa mwimbaji unacheza taratibu, unamtunza, na ukiwa na lako moyoni dhidi ya mtu unapitia mbele yake, unaipunga noti usoni pake, ajue maneno yale ni ya kwake na nani kampelekea. Hapa mwimbaji hakuwepo, basi wakamtunza redio. Na redio ilikuwa nyuma ya kiti kikubwa. Na kwenye kiti kikubwa (hili sikujiuliza hata kidogo) hukalishwa mgeni wa heshima. Kwa hiyo kila aliyeinuka, na wa mbele kabisa Mama Zuwena mwenyewe kwa furaha zake, alikwenda akitikisika moja kwa moja mpaka puani kwa Bi Thuwaiba.

"Wanauliza huyo mama anasema nini," Nakato akaniletea.

Swali hilo nilikuwa nalisubiri maisha yangu yote. Mtu niliyeacha kidato cha pili, naulizwa tafsiri na wanawake wasomi wa Maskati! Nikasafisha koo, nikapaza sauti kupitia pazia: "Anasema, 'Unanguruma usiku kucha, unang'aa, umejaa chumba kizima, lakini nikikufungua, ndani hamna kitu!'"

Bangili zikanyamaza. Vikombe vikanyamaza. Ikabaki tu-tu-ta peke yake.

Nakato akatoka na sinia ya halwa haijaguswa. "Wewe. Umeua mtu."

"Nimefanya nini?"

"Huyo mama, harusi ya kijana wake mkubwa, ukumbi mkubwa, mataa, maua mpaka juu, na chakula kikaisha nusu ya watu hawajakula! Kila mtu anajua. Hata mimi Mganda najua!"

Wimbo ukafika mwisho. Nikashusha pumzi. Ukaanza upya.

"Nakato, zima!"

Akakimbia, akarudi. "Nimebonyeza ile ya kuzima, nikabonyeza na ya pembeni, imeingia ndani haitoki. Sasa unajirudia!"

Kuingia siwezi. Kukaa siwezi. Nikainua macho, nikaiona swichi kuu ya umeme ukutani juu ya kichwa changu, na nikajiona mtu mwenye akili kupita wote nyumba ile. Nikaivuta. Taa zikazimika. Kiyoyozi kikatoa pumzi ndefu, kikafa. Na redio, kwa betri mpya nilizoitia kwa mikono yangu hii, ikaendelea, tena safi zaidi, kwa sababu sasa hapakuwa na kelele ya kiyoyozi kuifunika.

Ndipo nikaisikia sauti ya Bi Thuwaiba, haikuwa kubwa.

"Zuwena. Nnakuuliza. Nimekuja kwako na dhahabu ya mwanangu, umenikalisha kiti cha mbele, umenitilia watu wanitikisikie usoni, na sasa unanizimia na taa?"

"Wallahi Thuwaiba sijui lolote, ni huyu mtoto tu—"

"Mtoto gani sauti nzito hivyo?"

"Shikamoo Bi Thuwaiba!" nikapiga kelele. "Ni friji! Friji la kweli, la jikoni, lina mlango!"

"Na mtu mzima ataliimbia friji kwa lipi?"

Swali zuri, na mfukoni nilikuwa na jalada la sidii, nami nilikumbuka lina picha ya mwimbaji na friji lake. Nikampa Nakato ushahidi aupeleke. Ningelitazama vizuri kwanza! Friji lile jeupe walikuwa wamelivisha kitambaa kichwani na mkufu wa dhahabu mnene kifuani, sijui kwa mzaha gani wa huko kwao, na Bi Thuwaiba siku ile (nilikuja kuambiwa) alivaa nyeupe, na dhahabu yake yote. Mmoja wa wageni akacheka, akajiziba, akacheka tena kwa puani.

"Kusanyeni vitu," Bi Thuwaiba akasema. "Tunaondoka."

Nikasikia masanduku yanafungwa. Na chini ya tu-tu-ta nikasikia mtu analia kwa kujizuia, nikajua ni Rahma, aliyekuwa amekaa kimya na shela yake ya kijani kama inavyompasa. Hapo wenzangu kichekesho kiliniishia. Yule msichana ndiye aliyekuwa akiniwekea chakula nikichelewa kurudi, bila kuniuliza nilikuwa wapi.

Kisha kilio kikakoma, na akasema yeye, bibi harusi, ambaye siku kama ile hatakiwi kusema.

"Mama Thuwaiba, ukiondoka sasa, nyimbo umekubali ni yako."

Masanduku yakaacha kufungwa, naye akaendelea.

"Ukiitunza, inakuwa ya mwenzako. Si ndivyo mlivyotufundisha?"

Ogani ikaingia tena, mara ya ngapi sijui. Nilimshika Nakato mkono, "Anafanya nini? Anafanya nini?" naye jicho liko kwenye upenyo wa pazia. "Amesimama," akasema. "Anavaa vizuri bangili. Ameweka noti kwa redio. Mungu wangu, anageuka. Anamwendea madam!"

Bi Thuwaiba akampelekea Mama Zuwena friji lake lote, mpaka mlangoni mwa pua. Mama Zuwena naye si mtu wa kulala na kijembe, na kwa kuwa wimbo haukuwa na nia ya kwisha, ukarudi zamu yake, akaurejesha. Dada zake Bi Thuwaiba wakaingia upande huu, majirani upande ule, katika joto la Maskati bila kiyoyozi, jasho linachuruzika, wanja unayeyuka machoni, na lile jike la Kihispania linasoma bei za samaki. Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Nilisikia tu kishindo cha mtu kujitupa kwenye mito, na Bi Thuwaiba anahema, "Maji, Zuwena, maji! Au friji lako nalo tupu?" Nyumba ikalipuka.

Nikairudisha swichi, pole pole.

"Nyimbo nzuri," nikamsikia anasema baada ya kunywa. "Fundo lake zito, lakini nzuri. Harusi ipo, Zuwena. Vitu nnaviacha. Redio nnakwenda nayo, maana haizimiki. Na huyo wa nyuma ya pazia, nikija tena nisimkute."

Mama Zuwena alikuja ukumbini wageni walipokwisha ondoka, nywele zimemshika shingoni, akanitazama nimekaa juu ya ndoo.

"Hamduni, mwanangu, nnakupenda. Kusanya nguo zako."

Sikubisha. Ukitazama, mbele ya harusi ya mtu, chumba cha nyuma ni bei ndogo. Rahma alinisindikiza hadi kwenye ngazi na halwa niliyofungiwa ndani ya karatasi, macho mekundu, midomo inambana kwa kicheko. "Kaka, Allah akulipe," akasema. "Lakini harusini usije."

Kabla ya magharibi nikawa Ruwi tena, safari hii na begi. Nikapanda ngazi za jengo la kwanza lenye kibao cha kitanda kwa mwezi, nikafunguliwa na kijana wa Kibangla, fundi cherehani, akanionyesha chumba cha watu wanne, kitanda changu cha juu, karibu na dirisha. Nikalipa, nikaweka begi, nikala halwa. Yeye akakaa kushona vifungo huku simu yake inapiga wimbo wa kwao, filimbi moja na mwanamke anayelalamika, nami nikasogea ukingoni mwa kitanda nisikie vizuri. Aliniona nasikiliza. Akatabasamu, akaniuliza kwa Kiarabu cha kazini kama nataka aniambie huyo mama anasema nini.

Mimi, niliyeacha shule ili nijue kila kitu.

"La, ndugu yangu," nikamwambia. "Mzuri hivyo hivyo. Usiniambie kabisa."